Jumatatu ya Pili ya Oktoba ni ya Nani?

Ukienda posta yoyote ya Marekani Jumatatu ya pili ya Oktoba utakuta mlango umefungwa. Mahakama za shirikisho zimefungwa, ofisi za uhamiaji vilevile, na kwa kuwa Benki Kuu nayo imepumzika, pesa ulizoagiza zitoke kwenye akaunti Ijumaa usiku zitalala palepale hadi Jumanne. Soko la hisa la New York, kwa upande wake, linafanya kazi kama kawaida na maduka yamejaa watu. Kama watoto wanasoma au hawasomi, muulize mkuu wa wilaya ya shule. Kinachoshangaza zaidi ni jina la siku yenyewe. Kalenda ya serikali kuu inasema ni Siku ya Columbus, yaani Christopher Columbus, baharia wa Kiitalia aliyefika Amerika mwaka 1492 kwa niaba ya Hispania. Maine na New Mexico, kwa sheria za majimbo yao, ni Siku ya Watu wa Asili. South Dakota ni Siku ya Wamarekani wa Asili. Kwenye kalenda ya shule za umma za Jiji la New York majina mawili yamebanwa kwenye mstari mmoja, Siku ya Urithi wa Waitalia na Siku ya Watu wa Asili, na Columbus mwenyewe hayumo.

Ugomvi wa majina haya huendeshwa kana kwamba swali ni moja tu: Columbus alikuwa mtu mwema au mbaya? Kwa kweli maswali ni matatu na yamesukwa pamoja kama ukili. Sheria inasema nini, kumbukumbu za wakati wake zinasema nini, na heshima hiyo iliwekwa kwa faida ya nani. Wengi hushika la pili, wakalijibu, wakadhani wamemaliza. La tatu ndilo linalowakwamisha.

Sikukuu ni mshahara kwanza

Marekani haina sikukuu za taifa kwa maana tuliyoizoea Tanzania au Kenya, ambako siku ikishatajwa kisheria nchi nzima inafunga. Bunge la shirikisho linaweza kuwapa mapumziko yenye malipo watumishi wa serikali kuu na mji wa Washington, basi. Kila jimbo lina orodha yake, kila mji una yake, wilaya za shule zina zake, na mwajiri binafsi kwa kawaida hafungwi na hata moja. Orodha ya shirikisho ina siku 11. Columbus aliingia humo kwa sheria ya mwaka 1968 iliyoanza kutumika 1971, na lengo kubwa la sheria ile lilikuwa kusogeza sikukuu kadhaa ziangukie Jumatatu ili watu wapate wikendi ndefu. Kabla ya hapo, tangu 1934, Bunge lilikuwa limemwomba rais atoe tangazo kila mwaka ifikapo Oktoba 12; bendera zilipandishwa, lakini mtumishi wa serikali kuu alikwenda kazini kama siku nyingine. Kwa hiyo wanaodai siku hii ni ya enzi na enzi wakumbuke kwamba, kama siku ya malipo ya shirikisho, haijafikisha hata miaka 60.

Tofauti ya tangazo na sheria ndiyo inayowapoteza wengi. Oktoba 2021 Joe Biden alikuwa rais wa kwanza kutoa tangazo la Siku ya Watu wa Asili, na siku hiyohiyo akatoa pia la Columbus. Oktoba 2025 Donald Trump alitoa la Columbus peke yake. Magazeti yaliandika kama vile mmoja amefuta na mwingine amerudisha. Hakuna aliyefuta wala kurudisha chochote. Tangazo la rais ni salamu za sikukuu zenye muhuri. Jina lililo ndani ya sheria halibadiliki mpaka Bunge lipige kura, na Bunge halijapiga.

Baharia na gavana

Safari inayosherehekewa ni ile ya kwanza. Merikebu tatu zilitoka Palos Agosti 3, 1492, na Oktoba 12 zikatia nanga Guanahaní, kisiwa katika visiwa vya Bahama, kwa watu walioitwa Walucaya, ndugu wa Wataino wa visiwa vikubwa vya kusini. Ikihesabiwa kwa damu, ndiyo safari iliyokuwa na madhara machache kuliko zilizofuata. Columbus aliteka watu kadhaa awafanye wakalimani, na siku mbili tu baada ya kufika aliandika kwamba kwa watu 50 angeweza kuwatiisha wote. Daftari lake la asili limepotea; tunalo kwa muhtasari ulionakiliwa na padri Bartolomé de las Casas, na yeyote anayenukuu maneno hayo anapaswa kulijua hilo.

Mashtaka mazito yako kwenye safari ya pili. Septemba 1493 Columbus aliondoka Cádiz na merikebu 17 na watu wapatao 1,200. Hakuwa tena mpelelezi anayetafuta njia ya kwenda Asia. Alikuwa gavana anayekwenda kuanzisha koloni katika kisiwa cha Hispaniola, ambacho leo kimegawanyika kati ya Haiti na Jamhuri ya Dominika. Hapa ndipo mjadala unapoteleza: sikukuu inamheshimu baharia, mashtaka yanamhusu gavana, na mtu ni mmoja. Wanaomtetea husifu ubaharia wake, wanaompinga husoma hesabu za utawala wake, kila upande ukishangaa mwenzake haelewi.

Hesabu zenyewe zilikuwa mbaya. Watu 1,200 walihitaji chakula na mishahara, na wafalme wa Hispania, Isabella na Ferdinand, walisubiri faida. Dhahabu ya Hispaniola haikuwa ya migodi. Ilikuwa vumbi kwenye mchanga wa mito ya eneo la Cibao. Pengo lile Columbus aliliziba kwa watu. Februari 1495 Wataino wapatao 1,600 walikusanywa katika kituo cha Isabela. Takriban 550 walipakiwa kwenye merikebu nne kwenda kuuzwa Hispania. Waliobaki, walowezi waliambiwa wachukue wanaowataka, na wasiochukuliwa wakaachiwa. Michele da Cuneo, Mwitaliano aliyesafiri na msafara uleule, aliandika kwamba karibu 200 walikufa kabla ya kufika, na maiti zao zikatupwa baharini.

Kisha ikaja kodi. Kila Mtaino wa miaka 14 na kuendelea katika eneo la dhahabu alitakiwa kujaza njuga moja ya vumbi la dhahabu kila baada ya miezi mitatu. Njuga hizo ni zile ndogo ambazo mabwana wa Ulaya walimfunga mguuni kipanga wa kuwindia, ili akipotelea vichakani asikike. Wahispania walikuwa wamezileta kama vitu vya kubadilishana, na katika safari ya kwanza Wataino walizipenda kwa mlio wake. Sasa njuga ileile iligeuka kipimo. Wasiokaa karibu na dhahabu walitozwa pamba, arroba moja kwa mtu, yaani kilo 11 na ushei. Aliyelipa alipewa kipande cha shaba avae shingoni kama stakabadhi. Aliyekutwa hana aliadhibiwa.

Kwa nini mpango ule ulivunjika upesi hivyo? Dhahabu iliyokuwa imekusanywa kwa vizazi na kuvaliwa kama mapambo ilikuwa imekwisha kutolewa mwanzoni. Iliyobaki ilibidi ichekechwe mchangani siku nzima, na mtu anayechekecha mchanga halimi. Chakula cha Wataino kilikuwa muhogo, huu huu ambao baadaye Wareno waliuleta Afrika, nao waliupanda kwenye matuta makubwa ya mviringo yaliyofukuliwa kwa mti uliochongwa ncha. Muhogo hukaa ardhini miezi mingi. Ukiruka msimu wa kupanda, hutaona njaa leo, utaiona mwakani. Wataino wakakimbilia milimani, mashamba yakalala, njaa ikawakuta wao na Wahispania pamoja. Las Casas anasimulia kwamba mtawala mmoja wa Kitaino, Guarionex, alijitolea kulima shamba la chakula la kukatiza kisiwa kutoka pwani moja hadi nyingine badala ya kutoa dhahabu. Columbus hakukubali. Shamba lingelisha watu, lakini lisingepunguza deni lililokuwa Hispania.

Kodi ilipunguzwa, bado haikulipika. Mwisho walowezi waligawiwa watu wenyewe wawafanyie kazi, na mgao huo uliotokea chini ya Columbus ukaja kuwekwa kwenye sheria wakati wa gavana Nicolás de Ovando, mwaka 1503. Hesabu ya mgao ya 1514 iliwakuta Wataino wapatao 26,000 katika kisiwa kizima.

Hapa pande zote mbili hukosea, kila moja kwa namna yake. Wapo wanaosema Columbus aliua mamilioni. Makadirio ya idadi ya watu wa Hispaniola mwaka 1492 yanapishana mno, kutoka makumi ya maelfu hadi mamilioni, na Columbus alikufa 1506. Mengi yaliyotokea visiwani yalitokea chini ya waliomfuata. Upande wa pili husema ni maradhi tu, na maradhi hayana mwenye kulaumiwa. Lakini ndui ilifika Hispaniola mwishoni mwa 1518, miaka minne baada ya hesabu ile ya watu 26,000. Maradhi mengine yalikuwepo kabla yake, kweli. Ila mtu mwenye njaa, aliyehamishwa kwake na kufanyishwa kazi mtoni, hafi kwa homa kama anavyokufa aliyeshiba.

Mizani ya zama zake

Hoja inayorudi kila Oktoba ni kwamba tusimpime mtu wa karne ya 15 kwa mizani ya leo. Hoja hiyo ni ya haki, basi tutumie mizani ya zama zake. Aprili 12, 1495, wafalme wa Hispania walimwandikia askofu Fonseca awauze watu walioletwa na merikebu zile nne. Siku nne baadaye wakamwandikia tena: pesa za mauzo zisimamishwe kwanza, mpaka wanateolojia na wanasheria waseme kama watu hao wanaweza kuuzwa kwa haki. Mwaka 1498 Columbus bado alikuwa akiwapigia hesabu ya faida ya kuuza watumwa 4,000. Mwaka 1500 jibu likatoka: waliouzwa Andalusia waachiwe huru na warudishwe kwao. Mashaka hayo hayakutoka kwetu. Yalitoka kwa waajiri wake, naye akiwa hai na ofisini.

Kuna ushahidi mwingine unaotumika sana na unaohitaji tahadhari. Mwaka huohuo wa 1500 Francisco de Bobadilla, aliyetumwa na wafalme kuchunguza, alimkamata Columbus na kumpeleka Hispania akiwa amefungwa minyororo. Nakala ya ushahidi alioukusanya ilionekana katika hifadhi ya nyaraka nchini Hispania na kuchapishwa 2006, na ndani yake mna adhabu za kukata masikio, pua na ndimi. Watu huisoma kama hukumu ya kuwatesa Wataino. Si hivyo hasa. Malalamiko mengi yalikuwa ya walowezi wa Kihispania juu ya walivyotendewa wao, na baadhi ya mashahidi walikuwa mahasimu zake. Ukitaka sauti ya wakati ule iliyowasemea wenyeji, nenda Desemba 1511, Santo Domingo, mtawa Antonio de Montesinos alipopanda mimbarini mbele ya walowezi akawauliza kama watu hawa si binadamu. Columbus alikuwa amekwisha kufa, ila mfumo alioulaumu Montesinos ulikuwa uleule.

Na neno "zama zake" lenyewe lina mtego. Likitumika, huhesabu Wahispania peke yao. Wataino waliokimbilia milimani nao walikuwa watu wa zama zile, na maoni yao juu ya kodi ya njuga hayana utata.

Neno "kugundua" lina hati miliki ndani yake

Mtu anaweza kuuliza kwa nini watu wa asili wa Marekani, ambako Columbus hakuwahi kukanyaga bara (katika maeneo ambayo leo ni ya Marekani alifika visiwani tu, kama Puerto Rico, Novemba 1493), wanasumbuka naye kiasi hiki. Jibu liko mahakamani. Mwaka 1493 Papa Aleksanda wa Sita alitoa hati zilizowapa wafalme wa Hispania haki juu ya nchi zilizopatikana magharibi. Fikra hiyo, kwamba mfalme Mkristo ambaye watu wake wamefika kwanza anapata umiliki, ilisafiri miaka 330 hadi Mahakama Kuu ya Marekani. Katika shauri la Johnson dhidi ya M'Intosh la 1823, Jaji Mkuu John Marshall aliandika kwamba ugunduzi uliwapa Wazungu umiliki, na wenyeji wakabakiwa na haki ya kukaa tu. Hawangeweza kumuuzia ardhi mtu mwingine yeyote isipokuwa serikali. Shauri hilo halijafutwa. Mwaka 2005, taifa la wenyeji la Oneida lilipodai mamlaka juu ya ardhi lililoinunua tena jimbo la New York, mahakama ileile ililikatalia, na hukumu ikautaja msingi wa ugunduzi kwenye tanbihi yake ya kwanza. Vatikani ilitangaza kuukana msingi huo Machi 2023. Majaji hawafungwi na Vatikani.

Kwa hiyo mtu wa Oneida akisikia sherehe ya "ugunduzi", anasikia neno lililoandikwa kwenye karatasi iliyomnyima shamba. Sisi nasi tunalo tatizo hilo kwa sura nyingine. Vitabu vya shule vilitufundisha kwamba Vasco da Gama aligundua njia ya bahari ya kwenda India, ilhali Aprili 1498 alivuka kutoka Malindi akiwa na rubani aliyepewa na mtawala wa Malindi, mtu aliyeijua njia hiyo vizuri. Na wenyeji wa Amerika bado tunawaita Wahindi Wekundu, tukibeba kwa Kiswahili kosa la mtu aliyedhani amefika India.

Waitalia waliopata kinga

Sasa swali la tatu. Usiku wa Oktoba 15, 1890, mkuu wa polisi wa New Orleans, David Hennessy, alipigwa risasi. Wahamiaji wa Kiitalia wakakamatwa kwa wingi. Tisa walipandishwa kizimbani na hakuna hata mmoja aliyetiwa hatiani. Kesho yake, Machi 14, 1891, umati wa maelfu ulivunja gereza na kuwaua Waitalia 11, baadhi wakiwa wameachiwa na mahakama na wengine kesi zao hazijasikilizwa. Italia ilimwondoa balozi wake, na Marekani ikalipa fidia ya dola takriban 25,000. Magazeti makubwa ya wakati ule hayakuona aibu kuwaunga mkono wauaji.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa 400 tangu 1492. Rais Benjamin Harrison alitangaza Oktoba 21, 1892, kuwa siku ya maadhimisho. (Tarehe 21, si 12, kwa sababu mtu alikaa akapiga hesabu ya kubadili kalenda ya zamani ya Julius kuwa hii tunayoitumia.) Waitalia wa New York walichangishana kupitia gazeti lao wakasimamisha sanamu ya Columbus kwenye mnara, na bado ipo kwenye mzunguko wa barabara wenye jina lake. Soma tendo hilo kwa macho ya mchangiaji: watu waliokuwa wakiitwa wachafu, wauaji, si weupe wa kutosha, walipata njia ya kusema kwamba nchi hii ilianza na mtu wetu. Wakatoliki wa Kiairishi walikuwa wamekwisha kumtumia hivyohivyo. Chama chao cha Knights of Columbus, kilichoanzishwa New Haven mwaka 1882, ndicho kilichosukuma mno sikukuu hii hadi ikafika Bungeni 1934.

Kinga hiyo ilifanya kazi kweli, na mfano bora ni Oktoba 12, 1942. Baada ya Marekani kuingia vitani na Italia, wahamiaji wa Kiitalia wapatao 600,000 ambao hawakuwa raia walikuwa wameandikwa kama wageni wa nchi adui. Mwanasheria Mkuu Francis Biddle aliichagua Siku ya Columbus kutangaza kwamba hawahesabiwi tena hivyo. Wajapani, walioandikwa wageni wa nchi adui vilevile, hawakuwa na siku yao kwenye kalenda.

Ndiyo maana mimi naona kosa kubwa la wanaharakati ni kuwachukulia wazee wa Kiitalia wanaotetea sanamu kama watetezi wa utumwa. Wengi wao hawajui habari za njuga wala hawazitetei. Wanachotetea ni siku babu zao walipokubaliwa. Ukiwaondolea Columbus bila kuweka kitu mahali pake, umewaambia kwamba hata kukubaliwa kule kumefutwa. Upande wao nao una kosa: kinga ya babu haigeuzi matendo ya mtu aliyetumiwa kama kinga.

Jinsi jina linavyobadilika, na linapokwama

Ombi la kuibadili siku hii lilipelekwa Geneva mwaka 1977, kwenye mkutano uliofanyika Umoja wa Mataifa kuhusu ubaguzi dhidi ya wenyeji wa Amerika. South Dakota ilibadili jina kwa sheria ya jimbo na kuanza na Oktoba 1990, miaka 100 baada ya mauaji ya Walakota huko Wounded Knee yaliyotokea humohumo jimboni. Berkeley, California, ilifuata 1992. Baada ya hapo kimya kirefu, hadi Minneapolis na Seattle mwaka 2014, kisha wimbi.

Anayetaka kubadili jina katika mji wake aanze kwa kutafuta limeandikwa wapi. Linaweza kuwa katika sheria ya jimbo, sheria ndogo ya mji, kalenda ya bodi ya shule, au mkataba wa chama cha wafanyakazi, na kila pahali pana mwenye kalamu yake. Philadelphia ilipita njia ya mkato: Januari 2021 meya alibadili jina kwa amri yake mwenyewe, na jumuiya za Waitalia zikaenda mahakamani. Wakati huohuo sanamu ya Columbus katika uwanja wa Marconi ilikuwa imefungiwa ndani ya sanduku la mbao tangu ghasia za Juni 2020. Kesi ikavutwa. Oktoba 2022 sanduku likapakwa rangi za bendera ya Italia, kijani, nyeupe na nyekundu, sanamu ikiwa bado ndani. Desemba mahakama ikaamuru lifunguliwe. Mji ulitumia miaka miwili na nusu na haukumridhisha mtu.

La pili ni kuhesabu siku. Mfanyakazi hatajali sana jina, lakini ukimpunguzia siku yenye malipo utamwona. Mji wa Columbus, Ohio, wenye jina la mtu mwenyewe, uliacha sikukuu hii 2018 ukawapa watumishi wake Siku ya Maveterani badala yake, ukisema hauna pesa za kulipia zote mbili. Sandusky, katika jimbo hilohilo, mwaka 2019 iliiondoa kupitia makubaliano na vyama vya wafanyakazi na kuweka siku ya uchaguzi. Hakuna aliyepoteza mapumziko, na makelele yakawa madogo. California iliitoa kwenye orodha yake 2009 katika kubana bajeti, bila falsafa yoyote.

La tatu, uliza watu kwa majina yao. "Watu wa asili" si kabila moja; mataifa yanayotambuliwa na serikali kuu ni zaidi ya 570, na linalotakwa na Walakota silo lazima litakwe na Waoneida. Halmashauri ikitoa tamko bila kumwalika jirani yake mwenye ardhi, hupata siku yenye jina zuri na uwanja mtupu.

Kubana majina mawili kwenye siku moja, kama zilivyofanya shule za New York baada ya makelele ya Mei 2021, ndiyo suluhu dhaifu kuliko zote kwa maoni yangu. Kila Oktoba hugeuka mzani wa nani ametajwa kwanza. Colorado ilifanya vizuri zaidi. Ilikuwa jimbo la kwanza kuitia Siku ya Columbus kwenye sheria zake, 1907, kwa juhudi za mhamiaji wa Kiitalia wa Denver. Mwaka 2020 iliifuta na kuweka Jumatatu ya kwanza ya Oktoba kuwa siku ya Frances Xavier Cabrini, mtawa mzaliwa wa Italia aliyehamia Marekani akajenga shule, hospitali na makao ya yatima kwa wahamiaji. Watumishi hawakupoteza siku, Waitalia hawakupoteza mtu wao. Wenyeji wa asili, ni kweli, hawakupata siku yao kwa sheria ile. Walichopata ni kutolazimika kumpigia makofi Columbus.

New Mexico kuna somo lililo nje ya Columbus. Juan de Oñate, aliyeongoza walowezi kuingia huko 1598, aliwahukumu wanaume 24 wa Acoma, kijiji cha wenyeji, waliozidi miaka 25 kukatwa mguu mmoja, mapema 1599. Wahispania wenzake walimhukumu kwa ukatili 1614 wakamfukuza New Mexico maisha. Tena tunarudi kwenye mizani ya zama zake. Yalipokaribia maadhimisho ya miaka 400, watu wasiojulikana waliukata kwa msumeno mguu wa kulia wa sanamu yake ya shaba iliyokuwa kaskazini mwa jimbo. Huko Santa Fe kilikuwepo kitu kigumu zaidi kuliko sanamu: igizo la kila mwaka, sehemu ya tamasha la mji, la gavana wa Kihispania Diego de Vargas akiurudia mji kwa amani mwaka 1692. Lililoachwa nje ya igizo ni kurudi kwake 1693, vita vilivyofuata, wanaume 70 wa Pueblo, wenyeji wa huko, waliouawa baada ya kushindwa, na watu wapatao 400 waliogawiwa kama watumishi. Maandamano ya 2017 yaliishia kwa watu kukamatwa. Badala ya kwenda mahakamani, waandaaji, kanisa, mji na viongozi wa Pueblo walikaa mezani, na 2018 igizo likaondolewa. Tamasha lenyewe, linalofanyika tangu tangazo la 1712, lilibaki na misa zake na maandamano yake ya dini. Ilisaidia kwamba mtu alitenganisha ibada na igizo kabla ya kuanza kubishana.

Nje ya Marekani kazi hii imekwenda kasi zaidi. Venezuela iliigeuza Oktoba 12 kuwa Siku ya Upinzani wa Wenyeji mwaka 2002. Argentina iliita siku hiyo ya kuheshimu tamaduni mbalimbali, 2010. Hispania yenyewe inaishika kama sikukuu yake ya taifa.

Na Bahama, ambako Columbus alishuka pwani? Hakuna Mlucaya aliyebaki wa kuulizwa. Walichukuliwa kwenda kufanya kazi Hispaniola na kwingineko, na Juan Ponce de León alipopita mwaka 1513 visiwa vilikuwa karibu vitupu. Wabahama wa leo, wengi wao wazao wa Waafrika walioletwa kama watumwa, walikuwa wakiadhimisha Siku ya Ugunduzi kila Oktoba 12. Kuanzia 2013 waliiondoa. Jumatatu ya pili ya Oktoba, kwao, ni Siku ya Mashujaa wa Taifa.